Babu Alikuwa Nani Mbele ya Sheria? Mwongozo wa Kuwatafuta Wahenga Waliohamia Nairobi

Mwambie mtu wa Nairobi "tukutane Archives" naye hatakuuliza ni wapi. Ni lile jumba la kale kando ya Barabara ya Moi, karibu na ilipokuwa Hoteli ya Hilton, ambalo zamani lilikuwa la Benki ya India. Kila jioni watu husimama mbele yake wakingoja mwenzao, au matatu, au mvua ikatike. Wengi wao hawajawahi kuingia ndani. Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuingia, kwa sababu katika ukoo wenu kuna babu au nyanya aliyetoka mbali, Goa, Punjab, Jamnagar, Sudan, Nyasaland au Ujerumani, na hakuna aliyebaki nyumbani awezaye kukueleza alivyogeuka kuwa mtu wa hapa.

Swali ambalo wengi huja nalo ni moja: "Naomba faili la babu la kupewa uraia." Karani anatafuta, hapati kitu, na mgeni anaondoka akiamini kwamba faili limepotea au limefichwa. Mara nyingi halikupotea. Halikuwahi kuwepo. Babu hakuomba uraia kwa sababu sheria ya siku zile ilimhesabu tayari kuwa mtu wa dola la Mwingereza, au ilimtia katika fungu jingine kabisa lenye karatasi zake. Kwa hiyo kabla hujauliza faili liko wapi, jiulize babu alikuwa nani mbele ya sheria siku aliposhuka melini. Karatasi za serikali hufuata hadhi ya mtu. Ukiijua hadhi, utajua karatasi ya kutafuta na mlango wa kubisha.

Anza sebuleni

Usikimbilie mjini. Anza na wazee, na uende kwao kama mtoto wa nyumba anavyokwenda: mapema, sukari mkononi, daftari likiwa bado mfukoni. Ukimwuliza nyanya "tulitoka wapi?" atakujibu kwa neno moja, India, au Sudan, kisha atanyamaza. Muulize mambo yanayoshikika. Babu alikuwa akipokea barua kutoka wapi? Nani alimlipia nauli? Alifika peke yake au alimkuta mjomba? Duka la kwanza lilikuwa mtaa gani? Alizikwa wapi, na nani aliyesoma dua? Watoto wa kwanza walizaliwa Mombasa au Nairobi? Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, na sababu yake nitaieleza.

Kisha omba kuona karatasi. Karibu kila nyumba ina sanduku la bati au mfuko wa nailoni juu ya kabati, wenye vitu ambavyo hakuna aliyethubutu kuvitupa. Tafuta pasipoti za zamani, stakabadhi za kodi, barua za mwajiri, vyeti vya shule, na kurasa za mwanzo za Biblia au Msahafu ambako watu waliandika siku watoto walipozaliwa. Geuza kila picha uone mgongo wake, maana muhuri wa studio hutaja mji na pengine hata mtaa. Ukipata pasipoti ya enzi ya ukoloni, usiishie kwenye picha. Tafuta mstari unaoeleza hadhi ya mwenyewe. Utakuambia kama alikuwa mtu wa Mfalme wa Uingereza, au mtu aliye chini ya hifadhi ya Uingereza tu, au, kuanzia 1949, raia wa Uingereza na Makoloni. Tofauti ya maneno hayo ndiyo ramani yako.

Tarehe zinazoamua

Nchi hii haikuwa kitu kimoja machoni pa sheria. Hadi 1920 iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki, yaani ililindwa na Mwingereza lakini haikuhesabiwa kuwa ardhi ya Mfalme wake. Mwaka 1920 bara likafanywa koloni, likawa ardhi ya Mfalme kamili. Ukanda wa pwani wa maili 10, ambao ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, ukabaki himaya mpaka 1963. Mtoto aliyezaliwa kwenye koloni alikuwa mtu wa Mfalme tangu siku ya kwanza, wazazi wake wawe wametoka wapi. Aliyezaliwa kwenye himaya hakuipata hadhi hiyo kwa kuzaliwa peke yake.

Tazama watu wawili ambao Nairobi inawajua vizuri. Joseph Murumbi, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, baba yake Mgoa mfanyabiashara na mama yake Mmaasai. Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa kwa risasi Westlands tarehe 24 Februari 1965, alizaliwa Nairobi mwaka 1927, wazazi wake wote wawili Wagoa. Wagoa walikuwa raia wa Ureno, maana Goa ilikuwa chini ya Ureno hadi Desemba 1961. Pinto, aliyezaliwa kwenye koloni, sheria ya kuzaliwa ilimpa hadhi ya mtu wa Mfalme bila kuomba. Murumbi, aliyezaliwa miaka 9 kabla ya koloni, kuzaliwa tu hakukumpa hadhi hiyo. Wana wa Wagoa wote wawili, nchi moja kwenye ramani ya leo, hadhi mbili. Ndiyo maana nilikutaka uulize mtoto wa kwanza alizaliwa Mombasa au Nairobi: Mgoa aliyezaliwa Mombasa mwaka 1930 na binamu yake aliyezaliwa Nairobi mwaka huohuo waliacha karatasi za aina mbili.

Shika pia tarehe hizi. Tarehe 1 Januari 1949 sheria mpya ya uraia wa Uingereza ilianza kazi, na watu wa nchi za Jumuiya ya Madola, kama India na Pakistan, wakafunguliwa mlango wa kuandikishwa tu badala ya kupitia safari ndefu ya tajnisi, yaani mgeni kuomba na kupewa uraia. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikawa huru: aliyezaliwa hapa, akiwa na mzazi mmoja aliyezaliwa hapa pia, alipata uraia papo hapo kama alikuwa raia wa Uingereza na Makoloni au mtu wa hifadhi. Aliyezaliwa hapa na wazazi wote wawili wazaliwa wa nje alipewa miaka miwili aombe kuandikishwa, mwisho tarehe 12 Desemba 1965. Miaka hiyo miwili ni mgodi wa karatasi. Kama familia yenu ni ya Kihindi au ya Kigoa na ilibaki Kenya, elekea huko kwanza.

Nani alihitaji tajnisi?

Wahindi waliokuja kujenga reli walikuwa karibu 32,000. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwisho wa Mei 1899. Karibu 2,500 kati yao walikufa kazini, na takriban 6,700 tu ndio waliobaki baada ya kazi kwisha. Nakutajia hesabu hii kwa sababu familia nyingi husema babu alijenga reli, ilhali kwa nyingi kati yao babu alikuja baadaye kwa nauli yake au ya mjomba, kuwa karani, seremala au muuza duka. Usiipuuze hadithi ya nyumbani, ila usiache ikufunge macho.

Aliyetoka Punjab iliyotawaliwa moja kwa moja na Uingereza alikuwa mtu wa Mfalme tangu kwao. Huyo usimtafutie tajnisi. Aliyetoka vijiji vya kando ya Jamnagar, kama Waoshwal wengi ambao leo wana kituo chao kikubwa Westlands, alitoka katika milki ya mtawala wa Kihindi aliyekuwa chini ya Uingereza, kwa hiyo alikuwa mtu wa hifadhi tu. Vivyo hivyo wa Kutch na Porbandar. Kwa hao, karatasi za uraia zinaweza kuwepo, hasa za kuandikishwa baada ya 1949.

Waliohitaji tajnisi hasa walikuwa wageni kamili: Wagoa waliozaliwa Goa, Wagiriki, Waitalia, na Wayahudi waliokimbia Ujerumani na Austria miaka ya 1930. Hao wa mwisho wana kisa chao. Tarehe 25 Novemba 1941 serikali ya Hitler iliwavua uraia Wayahudi wote wa Ujerumani waliokuwa wakiishi nje. Mkulima au mfanyakazi wa hoteli hapa Kenya aliamka siku hiyo hana nchi. Ukimtafuta mtu kama huyo, angalia miaka ya baada ya vita, na usisahau jumuiya ya Wayahudi wa Nairobi, iliyoanzishwa 1904 na ambayo sinagogi yake ingali katikati ya jiji karibu na Barabara ya Uhuru.

Habari ya wanawake ni ya kusikitisha katika karatasi hizi. Hadi 1949 mke alifuata uraia wa mumewe. Nyanya yako huenda hana faili lake popote. Ameandikwa kwenye mstari mmoja ndani ya faili la mume, jina la kwanza tu. Mstari huo unukuu kwa makini, kwa maana huenda ukawa ndio pekee serikali iliyowahi kumwandikia.

Cheti chenyewe, mstari kwa mstari

Cheti cha tajnisi cha kikoloni kilitolewa chini ya sheria ya Uingereza ya 1914. Ukikishika mkononi, utaona kwamba maelezo mengi hayahusu kiapo. Kuna jina kamili. Kuna anwani ya siku ile. Kuna kazi. Kuna mahali na tarehe ya kuzaliwa, na hapa ndipo moyo hudunda, kwa sababu hapaishii kwenye nchi, kijiji kinatajwa. Kuna uraia aliokuwa nao. Kuna kama ameoa, na jina la mke. Kuna majina ya wazazi wote wawili pamoja na uraia wao. Pengine kuna majina ya watoto wadogo walioingizwa kwenye cheti hichohicho. Nyuma kuna kiapo cha utiifu, saini ya babu, na jina la ofisa aliyekishuhudia.

Vizazi viwili viko kwenye karatasi moja. Itazame saini kwa makini. Kama mkono unatetemeka au umeandika kwa hati ya Kigujarati, au kama kuna dole gumba badala ya saini, umejifunza jambo kuhusu shule aliyokwenda au asiyokwenda. Kisha linganisha tarehe ya kuzaliwa na ile ya pasipoti na ya kaburi. Hazitakubaliana. Wengi walizikadiria mbele ya karani, na karani aliandika 1 Januari akaendelea na kazi. Mimi huiamini zaidi tarehe iliyoandikwa mapema kabisa, kabla mtu hajawa na sababu ya kujizeesha apate pensheni.

Neno moja kwa jamaa walioko Marekani, kwa maana najua mnasoma. Huko kwenu, kabla ya 1906, mahakama yoyote ya kaunti iliweza kumpa mtu uraia, na mara nyingi karatasi zake zimekaa katika kaunti hadi leo. Hapa haikuwa hivyo. Gavana ndiye aliyetoa cheti. Kaunti zetu zilianza kazi 2013, kwa hiyo ukienda City Hall kuulizia uraia wa 1938 utapoteza asubuhi yako. City Hall ina jambo jingine la maana: rekodi za mazishi ya makaburi ya jiji, yakiwemo ya Lang'ata.

Kupanda ngazi za Archives

Ghorofa ya chini utakuta mkusanyiko wa sanaa wa Murumbi huyohuyo. Watalii hufika kule, nawe upite uutazame. Lakini kazi yako iko juu, kwenye chumba cha kusomea. Nenda siku ya kazi, asubuhi, na kitambulisho. Utajiandikisha na kulipa ada ndogo. Beba penseli. Kalamu ya wino haifai karibu na karatasi za zamani.

Usimwambie karani "nataka historia ya familia yangu." Mwambie wilaya, mwaka na kazi. Mafaili yamepangwa kwa ofisi iliyoyaandika, si kwa majina ya watu, na alama zake zinaeleweka ukizizoea: DC ni ofisi ya mkuu wa wilaya, PC ya mkuu wa jimbo, AG ya mwanasheria mkuu, MAA ya wizara ya mambo ya Waafrika. Babu aliyekuwa fundi reli Kisumu hatakuwa kwenye mafaili ya Nairobi hata kama alizikwa Nairobi. Kwa kawaida faili la serikali hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30. Soma faili lote, si ukurasa wenye jina tu. Malalamiko ya jirani au barua ya mwenye nyumba mara nyingi husema zaidi ya fomu.

Siku utakayoambiwa "halionekani," usigombane. Mimi nimewahi kuzungushwa katika ofisi moja ya jiji hili wiki tatu mfululizo, kesho, keshokutwa, njoo Jumatatu, nikatoka na hasira na bila faili. Nilirudi na namba ya faili jirani niliyoinukuu kutoka pembeni mwa barua nyingine, na jambo likaisha kwa nusu saa. Tangu hapo sinukuu barua bila kunukuu namba zake za pembeni.

Karatasi za uraia za baada ya uhuru ni jambo la Idara ya Uhamiaji, Nyayo House, pale Barabara ya Kenyatta inapokutana na Barabara ya Uhuru. Andika barua. Taja jina kamili la babu na namna zote lilivyoandikwa, mwaka na mahali pa kuzaliwa, namba ya cheti kama unayo, na uhusiano wenu. Ambatisha mnyororo wa vyeti: chako, cha mzazi wako, cha kifo cha babu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Itaje kwa adabu, mwishoni mwa barua.

Vyeti vya kuzaliwa vina mipaka yake ya rangi. Wazungu walianza kuandikishwa 1904, Wahindi 1906, na kwa Waafrika uandikishaji ulienea nchi nzima polepole hadi 1971. Usishangae Mhindi wa 1912 akiwa na cheti na Mwafrika wa 1950 akiwa hana.

Gazeti la Serikali na mitaa iliyobadilika majina

Chombo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji nauli. Gazeti Rasmi la Serikali limechapishwa tangu 1899, na matoleo yake yamepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti katika Google Books. Unaweza kuyapekua ukiwa Kawangware kitandani. Humo mna matangazo ya mirathi yanayotaja siku mtu alipokufa na nani msimamizi, hati za kubadili jina, ubia uliovunjika, leseni, orodha za wapiga kura, likizo na vyeo vya makarani wa serikali. Tafuta kwa jina la ukoo na namba ya sanduku la posta. Namba ya sanduku ni rafiki mwaminifu, maana jina linaweza kuandikwa kwa namna tano na sanduku likabaki lilelile. Tangazo la mirathi likikupa namba ya kesi, nenda nayo mahakama ya Milimani au urudi nayo Archives: wasia wa mtu wa Nairobi hutaja ndugu waliobaki kijijini, kwa majina.

Aliyeomba tajnisi alitakiwa pia atangaze nia yake gazetini, ili mwenye pingamizi aandike. Kwa magazeti ya zamani nenda Maktaba ya McMillan, Mtaa wa Banda, iliyofunguliwa 1931 na ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Ulizia East African Standard, na kitabu cha anwani cha 1912 kinachojulikana kama Red Book.

Anwani utakazokuta zitakupoteza usipojua majina ya kale. Government Road ni Barabara ya Moi. Delamere Avenue ni Barabara ya Kenyatta. Hardinge Street ni Mtaa wa Kimathi, Victoria Street ni Mtaa wa Tom Mboya, Sadler Street ni Mtaa wa Koinange. Bazaar ni Mtaa wa Biashara, na ukisimama pale leo, kati ya maduka ya vitambaa, huenda umesimama mlangoni kwa babu.

Majina ya watu ni mtihani mgumu zaidi. Mpunjabi mmoja huandikwa Singh, na Singh ni maelfu. Waoshwal wengi ni Shah. Kwa wengine jina la pili ni la baba tu, kwa hiyo mwana na babu hawafanani hata kidogo. De Souza, D'Souza na Dsouza ni nyumba moja. Murumbi mwenyewe alizaliwa Zuzarte, akachukua jina la upande wa mama yake. Anayemtafuta kwa jina moja anapata nusu ya mtu.

Waliokuja kwa miguu na kwa bunduki

Hadi hapa nimesema sana juu ya waliokuja kwa meli. Nairobi ya magharibi ina wahamiaji wengine ambao vyeti vya uraia haviwajui kabisa, na kwao nataka tukae kidogo.

Wanubi wa Kibera ni kizazi cha askari Wasudani walioingizwa katika majeshi ya Mwingereza mwishoni mwa karne ya 19, kisha wakawa nguzo ya King's African Rifles, jeshi lililoundwa 1902. Walipewa mahali pa kuishi penye msitu, wakapaita Kibra. Mwaka 1918 pakatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Askari mstaafu alipewa karatasi ya kuishi na kulima pale, iliyojulikana kama shamba pass. Mnamo 1928 eneo likatolewa mikononi mwa jeshi likawekwa chini ya utawala wa kiraia. Kwa mtafutaji maana yake ni hii: kabla ya 1928 tafuta jeshini, baada ya hapo tafuta kwa mkuu wa wilaya wa Nairobi. Soma pia Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Carter miaka ya 1932 na 1933, kwa sababu nayo iligusia makazi ya Wasudani pale. Hakuna aliyewapa watu hawa cheti cha uraia wakati wa ukoloni, na wajukuu wao walihangaika na vitambulisho miaka mingi baada ya uhuru. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Mwaka 2017 jamii ikapata hati ya ekari 288. Shamba pass iliyokunjwa ndani ya Msahafu ni hati ya ukoo yenye thamani sawa na cheti chochote cha Gavana. Ipige picha leo.

Kwa wanaume wa Kiafrika kwa jumla, wakiwemo waliotoka Nyasaland, Uganda na Tanganyika, karatasi ya kutafuta ni kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume alikivaa shingoni ndani ya kasha la chuma, kikiwa na alama za vidole, kabila, waajiri na mshahara. Kilikuwa kitu cha udhalili, na wazee wengi walikichoma kwa furaha. Kama chenu kilisalia, mnacho kitabu kizima cha maisha ya mtu.

Kuna pia Washona, waumini waliotoka Zimbabwe miaka ya 1960 na kukaa pande za Kinoo, ng'ambo tu ya mpaka wa jiji ukipita Kangemi. Waliishi bila nchi mpaka Desemba 2020, serikali ilipotangaza kuwapa uraia 1,670 kati yao. Ukiwa Mshona, umeshika historia mpya: vyeti vya wazazi wako bado vinanukia wino. Vitunze vizuri kuliko sisi tulivyotunza vya kwetu.

Makanisa, makaburi na ng'ambo

Daftari la ubatizo mara nyingi hutangulia daftari la serikali. Kwa Wagoa, uliza parokia ya Mtakatifu Francis Xavier, Parklands, na Holy Family mjini. Misheni ya St Austin's, Lavington, iko tangu 1899. Omba miadi na paroko, usije Jumapili. Pinto na Murumbi wote wawili wamelala City Park, Parklands. Tembea pale na kalamu, maana mawe hutaja vijiji ambavyo karatasi zimevisahau.

Kama Nairobi imekwama, nenda mbali zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, ina nakala za vyeti vya uraia katika fungu la HO 334, na orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza katika BT 27. Faili zilizosafirishwa kwa siri kutoka makoloni, ambazo Uingereza ilikiri kuwa nazo mwaka 2011 wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau, ziko katika FCO 141. Familia za Kihindu zisisahau mji wa Haridwar, India, ambako makuhani hutunza vitabu vya koo kwa karne nyingi, na mjukuu akifika huandikishwa papo hapo chini ya jina la babu yake.

Baada ya haya yote utarudi nyumbani na picha za karatasi kwenye simu. Zichapishe. Mpelekee nyanya nakala, msomee kwa sauti, umpe muda wa kukusahihisha, kwa maana atakusahihisha. Kisha toa zile picha za familia kwenye sanduku la bati, na pamoja naye uandike nyuma ya kila moja, kwa penseli, nani ni nani. Fanya hivyo wiki hii.